Sweta ya Rangi ya Damu ya Mzee

Nilipostaafu, shule ilinipa saa ya ukutani, blanketi zito na hotuba ya mwenyekiti wa wazazi, ambaye alinisifu sana kwa kazi yangu nzuri ya kufundisha hisabati. Mimi nilikuwa mwalimu wa Kiswahili. Nilipiga makofi pamoja na wengine, nikala wali, nikabeba blanketi langu nyumbani.

Ninyi walimu vijana mliobaki pale Lanet mmeniomba jambo moja: niwaandikie jinsi ya kumshika mkono mtoto anayetoka akademi, shule ya kulipia, kuja kwetu, maana kila mwezi wa kwanza mlango wa mwalimu mkuu una foleni ya wazazi wanaoangalia pembeni. Nitaandika. Vyeo sitavitaja, havikuwa vingi, na mshahara mnaujua, ni huo huo mnaoulalamikia kwenye chai ya saa nne.

Nilianzia kazi Kabazi, upande wa Subukia, katika shule ya madarasa ya mbao ambamo upepo uliingia bila kupiga hodi. Siku ya kwanza nilienda na viatu vya kisigino, na usiku wake mvua ilikuwa imenyesha. Niliingia darasani nimeshika kiatu kimoja mkononi, kingine kimebaki kwenye matope ya barabarani, na darasa zima likasimama kwa heshima huku likiniangalia soksi. Aliyeniokoa ni Madam Chepkemoi, mwalimu mwandamizi, mama mfupi mwenye sauti ya kuitia ng'ombe. Alinipa gambuti zake za akiba na akaniambia kwamba Kabazi mtu hupendeza Jumapili, siku nyingine anafundisha.

Yeye ndiye aliyenipa kifaa ambacho nimekitumia maisha yangu yote. Vitabu vilikuwa vichache, kitabu kimoja kwa watoto wanne. Madam Chepkemoi hakugawa zamu za siku kama shule nyingine. Kwake kitabu kililala kwa mtoto mmoja wiki nzima, na wale wenzake watatu walikifuata huko jioni, wakafanya kazi ya nyumbani pamoja, kisha wakarudi kwao jua likiwa bado lipo. Wiki iliyofuata kililala kwa mwingine. Nilimuuliza kwa nini ajisumbue hivyo. Akanijibu kwamba kitabu hakina miguu, watoto ndio wanayo, na kwamba mtoto hajui kama ameelewa mpaka amweleze mwenzake na mwenzake akatae. Nilicheka. Baada ya mhula mmoja niliacha kucheka, nikaanza kuiga.

Nilipohamishiwa Lanet nilikuja na mtindo huo. Mwalimu mkuu alisema umepitwa na wakati, kwa kuwa serikali sasa inaleta vitabu. Kweli vililetwa. Vilitosha hesabu ya watoto waliokuwa kwenye karatasi za wizara, si hesabu ya watoto waliokuwa kwenye madawati, kwa hivyo vitabu viliendelea kulala huku na huko.

Wakati huo akademi zilikuwa zimeota Lanet kama uyoga. Mtu akijenga nyumba za kupangisha zikakosa wapangaji, alichora tai ukutani, akatafuta jina refu la Kiingereza, akaiita akademi. Nyingine zilikuwa nzuri, sitasema uongo. Halafu ikaja korona, baadhi zikafungwa, na wazazi wakapoteza kazi, na wale watoto wa mabasi wakaanza kuletwa kwetu kwa miguu. Baba mmoja aliniuliza bwawa la kuogelea liko upande gani. Nilimwonyesha mahali mtaro unapofurikia mwezi wa nne. Mama mwingine alitaka ratiba ya chakula. Nilimweleza kwamba ni githeri, mahindi na maharagwe, na siku ya mabadiliko ni githeri iliyochelewa.

Watoto wenyewe hawakuwa na neno. Wiki ya kwanza walisimama kila mtu mzima alipotokea mlangoni na kumwimbia salamu ya Kiingereza. Yule jamaa wa kutuletea kuni aliimbiwa hivyo akaziangusha pale pale, na kwa muda mrefu baadaye alikuwa akipita nyuma ya jikoni.

Haya ndiyo niliyojifunza kwao, na mnaweza kuyatumia kesho. Usimpe mtihani wiki ya kwanza, utapima woga tu. Usimuulize mbele ya darasa alikuwa shule gani. Kazi ya kufagia mpe pamoja na mwenzake anayejua ufagio, kwa sababu wengine wameuona kwa dada wa kazi tu. Mwache asome kwa sauti, kisha umfunikie kitabu umuulize kimesema nini. Wengi walilelewa kusoma vizuri kama watangazaji wa redio, lakini hakuna aliyewahi kuwauliza habari yenyewe ilikuwa ya nani.

Sasa niwaambie habari za Shantel, maana yeye ndiye aliyenifundisha yaliyobaki.

Aliletwa gredi ya tano mwezi wa kwanza, mwaka wangu wa mwisho kazini. Baba yake alikuwa msimamizi katika shamba moja la maua. Shamba likapunguza watu, naye akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Mama yake aliuza mitumba mjini. Siku ya kumleta mtoto, Mama Shantel alivaa kama mtu anayekwenda kusimamia harusi, akakiangalia kiti changu vizuri kabla ya kukikalia, na akaniarifu kwamba wako kwetu kwa muda tu, mambo yakikaa sawa wataondoka. Ripoti aliyokuja nayo ilimsifu Shantel kwa maneno ambayo sisi huku tunayaweka akiba kwa ajili ya matanga.

Mtoto mwenyewe alikuwa mwembamba, mwenye macho ya kuona kila kitu, na hakusema lolote. Nilimweka kwenye kundi la Cherono, Wambui na Akinyi, wasichana watatu wasioweza kukubaliana hata kuhusu siku ya wiki, na ambao kwa sababu hiyo walikuwa wanajifunza sana. Kitabu kilipolala kwa Cherono, Shantel hakwenda. Kilipolala kwa Wambui, hakwenda. Zamu yake ilipofika alisema kwao hakuna nafasi, akairuka. Mapumzikoni alisimama karibu na tanki la maji kama askari aliyesahauliwa. Wenzake walimwita Malkia, na Cherono aliniambia waziwazi kwamba anaringa.

Kufikia katikati ya mhula wa pili alikuwa anazama. Aliweza kukariri taarifa nzima ya ufahamu bila kukosea hata mkato, lakini ukimuuliza kwa nini mkulima aliuza ng'ombe wake, aliikariri taarifa tena kutoka mwanzo. Huko alikotoka alikuwa na mwalimu wa kumwinamia na mwingine wa jioni wa kulipiwa. Kwetu watoto walikuwa wengi kuliko madawati, na katika darasa la namna hiyo mwalimu hafiki kwa kila mtu; watoto ndio wanaofikiana. Shantel hakuwa na wa kumfikia. Nilikuwa nikimwona anavyopotea mbele ya macho yangu, na iliniuma, kwa sababu hakuwa mjinga hata kidogo.

Kilichonichanganya zaidi ni unga. Kila asubuhi sweta yake ya bluu, sweta ya shule yetu, ilikuwa na unga mabegani na kwenye kola. Niliwaza kwamba labda anafanyizwa kazi ya kupika kabla ya kuja shule, na nikaanza kupanga maneno makali ya kumwambia mama yake.

Sikuyatumia. Siku moja nilipeleka mahindi yangu kusagwa kwa Mama Kwamboka, mwenye mashine ya posho karibu na lango la shule. Nikiwa pale nangoja unga wangu, niliona sweta imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mizani. Ilikuwa ya rangi ya damu ya mzee, imepigwa pasi ikanyooka, na kifuani nembo ya akademi moja ya Lanet, ile yenye basi la manjano. Nilimuuliza ni ya nani.

"Si ni ya yule mtoto wako mwembamba," Mama Kwamboka akasema. "Asubuhi huletwa na mamake kukiwa bado na kagiza. Anavua hii, anavaa ile yenu. Jioni anakuja pekee yake anabadilisha tena. Mimi sikuuliza, Madam. Mambo ya watu ni ya watu."

Nilirudi shuleni na unga wangu, na kila kitu kikawa wazi. Katika ploti, ua wa nyumba za kupanga walimokuwa wakiishi, Shantel alitakiwa kuonekana akitoka na kurudi katika sweta ya akademi. Walitoka alfajiri ili basi la manjano la akademi yake ya zamani lisije likapita bila yeye mbele ya majirani. Ile ya bluu ililala kwa Mama Kwamboka, ikivuta unga usiku kucha. Nimefundisha miaka mingi na nimeona wazazi wakificha mambo mengi, lakini mzazi kumficha mtoto ndani ya sweta sikuwa nimeona.

Nilimwita mama yake. Alikuja jioni, safari hii hakukikagua kiti. Nilimwambia nilichokiona, naye hakukana. Alieleza kwamba yeye ni mweka hazina wa chama cha wanawake wa ploti, na wakijua mtoto wake amehamia shule ya serikali watamwona amekwisha. Kwa hivyo alimkataza Shantel kuzoeana na watoto wa huku, wasije wakamfuata mpaka nyumbani. Kama shida ilikuwa kitabu, angenunua kitabu chake mwenyewe, asome peke yake.

Nilimwambia kitabu si shida, anachokosa mtoto ni mtu wa kubishana naye.

"Basi mhula ukiisha nitampeleka kwa nyanyake Kabazi," akasema. "Huko hakuna mtu anatujua. Atasoma huko mpaka mambo ikae poa."

"Yaani umtoe mtoto nyumbani ili sweta ibaki?"

Alikasirika. "Madam, wewe uko na kazi ya serikali. Hujui vile watu hukuangalia ukianguka."

Alikuwa amesema kweli. Sikuwa nimewahi kuanguka kutoka mahali pa juu, kwa sababu sikuwa nimewahi kufika. Nilimwonea huruma na nikamkasirikia kwa wakati mmoja, jambo ambalo ualimu humzoesha mtu. Nilimkumbusha tu kwamba mficha uchi hazai, kisha nikamwomba wiki moja: kitabu kilale kwake, wasichana watatu waje, na kama hakuna kitakachobadilika, ampeleke Kabazi nami nitamwandikia shule barua nzuri.

Alifikiri sana. Akakubali kwa sharti kwamba wasichana waje bila sweta za shule, na yeye angewaambia majirani kwamba ni watoto wa Sunday school wanaofanya mazoezi ya mistari ya kukariri. Nilimwangalia mama huyo na nikakiri moyoni kwamba angefaulu sana katika siasa.

Jumatatu jioni ilikuwa na mvua nyepesi na ule upepo wa Lanet unaopenya mpaka kwenye meno. Niliwaambia wasichana wavue sweta. Wambui na Akinyi walivua. Cherono hakuvua.

"Madam, mimi sina ingine," akasema. "Nikitoa hii nitakufa na baridi."

Wenzake walipoona hivyo wakavaa zao tena, na tukaenda hivyo hivyo, mimi mbele na bluu tatu nyuma yangu. Shantel alituomba tusimame kwanza kwa Mama Kwamboka. Alitoka ndani akiwa amevaa ile ya akademi, akiwa ameikung'uta unga kwa uangalifu, na akatembea pembeni kidogo ili ionekane kama hatujuani.

Mama Shantel alikuwa amefunga biashara mapema. Alisimama langoni mwa ploti pamoja na jirani yake Mama Natasha, ambaye alikuwa akianua nguo kwenye kamba kwa sababu ya mvua. Alipoona sweta za bluu uso wake ulibadilika, lakini alijikaza na kuanza kumweleza Mama Natasha habari za Sunday school. Alikuwa amefika kwenye mistari ya kukariri wakati basi la manjano liliposimama langoni na Natasha akashuka.

Natasha alikuwa amevaa sweta ya kijani. Mama Shantel alimwangalia Natasha, kisha akaangalia madirisha ya basi, na humo ndani watoto wote walikuwa kijani.

"Kwani Natasha alihama shule?" akauliza.

Mama Natasha alizitazama zile nguo mikononi mwake kama zimeandikwa kitu. Akasema kwa sauti ya chini kwamba hapana, Natasha yuko pale pale, ni akademi iliyobadilisha sweta. Iliwalazimisha wazazi wote wanunue mpya tangu mwezi wa kwanza.

Ploti ile mtu akiangusha kifuniko cha sufuria, jirani wa mwisho anajua kilichokuwa kikipikwa. Na watu hao hao walikuwa wamemwona Shantel akitoka na kuingia, mihula miwili, katika sweta ambayo hakuna mtoto mwingine aliyekuwa akiivaa, wote wakajua, na hakuna aliyefungua mdomo. Sijui kama ilikuwa adabu au walikuwa wakijifurahisha. Nadhani ilikuwa yote mawili.

Mama Shantel aligeuka akamwangalia binti yake, aliyekuwa amesimama kando ya lango, ndiye pekee aliyevaa rangi ile.

"Ulikuwa unajua?"

"Ndio, mum. Mimi huona wakishuka jioni."

"Sasa mbona hukuniambia?"

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akisema jambo ambalo hakulikariri.

"Kila Jumamosi ulikuwa unaifua pekee yake," akasema. "Unaipiga pasi ukiimba. Nikaona nikikuambia utaacha kuimba."

Mama Shantel alikaa chini kwenye ngazi ya mlango, pale penye maji, na nguo zake nzuri. Alilia bila kujificha. Mama Natasha aliweka nguo zake kwenye beseni, akaja akakaa karibu naye, na mimi nikagundua kwamba nilikuwa nimeshikilia kitabu kifuani kama mtoto wa nasari. Kwa miezi yote ile tulikuwa tukijiuliza ni nani atakayemsaidia mtoto huyu, na kumbe mtoto ndiye aliyekuwa akimbeba mama yake kila asubuhi na kila jioni, na mzigo huo ndio uliokuwa ukimnyima nafasi ya kubeba kitu kingine.

Wasichana waliingia ndani. Walianza kwa kugombana juu ya nani akae upande wa taa. Shantel alisoma ile taarifa ya mkulima, Cherono akasema mkulima alikuwa mjinga kuuza ng'ombe, na Shantel akamkatalia. Alisema mkulima aliogopa watu wajue kwamba hana malisho. Cherono akamwambia hayo hayako kitabuni. Shantel akasema, kwa sauti iliyofika mpaka kwa jirani wa mwisho, kwamba yako, ila lazima mtu afikirie. Walibishana mpaka nikawakumbusha jua linazama. Mama yake alisikiliza yote akiwa amesimama mlangoni, kisha akamuuliza kila msichana jina lake na kwao ni wapi, akawapa mkate.

Kabazi hakupelekwa. Hakuwa wa kwanza darasani mwaka ule, na wala sikutaka awe. Alikuwa mbishi wa nne katika kundi la wabishi, na alama zake zikapanda taratibu, kwa heshima. Siwezi kuwadanganya kwamba mambo ya baba yake yalikaa sawa. Bado anatafuta kazi.

Mhula wa tatu ulipofunguliwa, mlango wa ofisi uligongwa, akaingia Mama Natasha na miwani ya jua siku ya mawingu. Aliuliza kama kuna nafasi, akauliza kama kuna lango lingine la kuingilia. Nilimwambia lango ni moja. Nikamchukua Natasha mpaka darasani, akiwa katika sweta yake ya kijani ambayo haijapauka, na Shantel akasogea kwenye dawati kumpisha. Nilibaki mlangoni kidogo, nikamsikia akimnong'oneza.

"Wewe utazoea haraka," akamwambia. "Mamako ndio atachukua muda. Mvumilie."